Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Kusoma Mwendelezo wa Riwaya ya Kutisha ya Vijana

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji aliyemaliza riwaya ya kutisha ya vijana, akakaa kimya na kitabu mapajani kwa dakika kadhaa, kisha akasikia kwamba kipo cha pili. Majibu yaliyomo yanatokana na miaka mingi ya kusoma vitabu vya aina hii na kuzungumza na vijana wanaovisoma. Jambo moja litajirudia katika majibu mengi, nalo ni kwamba kitabu cha pili kinategemea kumbukumbu ya msomaji kuliko kitu kingine chochote, na anayekifungua bila kumbukumbu hiyo husoma nusu tu ya kilichoandikwa.

Mwendelezo una tofauti gani na mfululizo?

Mwendelezo huanzia pale yaliyotokea katika kitabu cha kwanza yalipoishia: wahusika ni wale wale, yaliyowasibu bado yanawaandama, na aliyekufa hayupo tena. Mfululizo unaweza kuwa na vitabu vingi visivyohitajiana. Fear Street, ulioanzishwa na R. L. Stine mwaka 1989, una riwaya nyingi zinazotokea katika mji mmoja wa kubuni uitwao Shadyside, na msomaji anaweza kuchukua karibu yoyote kati ya zile za awali asipotee njia. Asylum ya Madeleine Roux, iliyotoka mwaka 2013, ni jambo tofauti kabisa. Sanctum, iliyofuata mwaka 2014, inawarejea vijana wale wale watatu, Dan, Abby na Jordan, wakiwa bado wana majeraha ya rohoni kutokana na majira ya joto waliyoyapitisha katika jengo lililowahi kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Msomaji asiyejua kilichowapata humo hana sababu ya kushtuka wanaposhtuka.

Ukitaka kujua kitabu ulichonacho ni cha aina gani, tazama kurasa za mwanzo kabisa, ambako mara nyingi vitabu vya mwandishi hupangwa kwa mfuatano wake. Usitegemee maelezo ya nyuma ya jalada, kwa sababu katika mwendelezo maelezo hayo hutaja waziwazi ni nani aliyenusurika katika kitabu cha kwanza.

Je, naweza kuanza moja kwa moja na kitabu cha pili?

Unaweza, na waandishi wengi huweka maelezo ya kutosha ili usichanganyikiwe. Hata hivyo, sikushauri. Ukianza na cha pili, utaelewa matukio lakini hutayaogopa, na zaidi ya hapo utakuwa umejiharibia cha kwanza moja kwa moja, kwa kuwa taharuki yake yote imejengwa juu ya swali la nani atatoka akiwa hai.

Kitabu cha kwanza nilikisoma zamani. Je, nikirudie chote?

Si lazima. Rudia sura ya kwanza na sura tatu za mwisho. Sura ya kwanza itakukumbusha wahusika walivyokuwa kabla ya balaa, yaani walivyocheka, walichokipenda na waliyemwamini, na sura za mwisho zitakukumbusha walichotoka nacho. Sehemu ya kati mara nyingi ni ya matukio, na matukio muhimu mwandishi mwenyewe atayataja tena.

Niliwahi kufanya hivyo na riwaya niliyokuwa nimeisoma miaka minne kabla. Nilikumbuka vizuri kwamba msichana alitoka katika ile nyumba akiwa mzima. Nilichokuwa nimekisahau ni kwamba alitoka akiwa amekunja ngumi ya mkono wa kulia, na kwamba watu wa gari la wagonjwa walishindwa kuifungua. Katika kurasa za mwanzo za kitabu cha pili, mama yake anamkuta bafuni usiku akiosha mkono mmoja tu kwa maji ya moto, akiusugua mpaka ngozi imekuwa nyekundu, huku ule wa kushoto umekaa mkavu ukingoni mwa sinki. Mwandishi haelezi lolote. Hasemi ni mkono upi uliokunjwa siku ile, wala hakumbushi kulikuwa na nini ndani ya kiganja. Anamwacha mama amkabidhi taulo na kurudi kulala. Kama nisingekuwa nimezirudia zile kurasa za mwisho, ningelipita tukio hilo kama mtu anayepita mbele ya mlango uliofungwa, nami nisingejua kwamba hapo ndipo kitabu kizima kilipoanzia.

Kama huna tena nakala ya kitabu cha kwanza, chukua karatasi uandike mambo matatu unayoyakumbuka bila kusaidiwa na mtu: nani alikufa, nani alidanganya, na ni swali gani halikujibiwa. Hilo la tatu ndilo lenye uzito.

Kuna hadithi fupi zilizotolewa katikati ya vitabu hivyo viwili. Je, ni lazima nizisome?

Kwa kawaida hapana. Baadhi ya waandishi, akiwemo Roux, hutoa hadithi fupi zinazokaa kati ya riwaya na riwaya. Zinamnufaisha zaidi msomaji aliyemaliza kitabu cha pili na kutaka kubaki katika ulimwengu huo kidogo. Ukizisoma mapema, wakati mwingine hukupa majibu ambayo riwaya ilikusudia uyatafute.

Kwa nini kitabu cha pili mara nyingi hakinitishi kama cha kwanza?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na linastahili jibu refu.

Mwandishi Ann Radcliffe, katika makala iliyochapishwa mwaka 1826, baada ya kifo chake, alitenganisha aina mbili za woga. Ya kwanza ni ile hofu ya kungoja, ya jambo lisiloonekana vizuri, ambayo alisema huipanua nafsi na kuziamsha fahamu za mtu. Ya pili ni kile kitisho cha kuliona jambo lenyewe, ambacho huzigandisha fahamu hizo. Kitabu cha kwanza kina akiba kubwa ya hofu ya aina ya kwanza: hatujui ni nini kinachotembea darini, hatujui sheria zake, hatujui kinataka nini. Kufikia ukurasa wa mwisho, akiba hiyo imetumika karibu yote. Tumekiona kiumbe, tumejua asili yake, na tumejua kwamba kinaweza kushindwa.

Mwandishi anayeketi kuandika kitabu cha pili anakuta jukwaa limewashwa taa zote. Mwandishi mvivu huongeza idadi, kwa maana kwamba palipokuwa na mzimu mmoja panakuwa na mizimu mitano, na vifo vinne vinakuwa kumi na viwili. Njia hiyo humchosha msomaji, kwa sababu kitisho kikirundikwa hugeuka kuwa kelele.

Mwandishi mzuri huihamisha hofu. Anaweza kuihamishia ndani ya mhusika, akatufanya tusiwe na uhakika kama kinachoonekana dirishani kipo kweli au ni kiwewe cha mwaka uliopita. Anaweza kuihamishia kwa watu wanaomzunguka mhusika, ambao hawamwamini, au wanamwamini kupita kiasi. Anaweza hata kugeuza uelekeo wake. Katika Anna Dressed in Blood ya Kendare Blake, iliyotoka mwaka 2011, tunamfuata kijana ambaye kazi yake ni kuua mizimu, na tunaogopa kile ambacho mzimu wa msichana aitwaye Anna unaweza kumfanyia. Katika mwendelezo wake, Girl of Nightmares wa mwaka 2012, kijana huyo huyo anaogopa kwa ajili ya Anna, akihangaika kujua ni mateso gani yaliyompata. Woga ni ule ule, lakini sasa umechanganyika na huruma, na huruma humfanya msomaji ashindwe kufumba macho.

Kwa hiyo, ukihisi kwamba kitabu cha pili hakikutishi, kabla ya kukilaumu jiulize kama unaendelea kungoja woga wa kitabu cha kwanza. Inawezekana mwandishi ameshauhamishia chumba kingine na wewe bado umesimama kwenye mlango wa zamani. Inawezekana pia kitabu ni kibaya, na hilo nalo lisemwe wazi.

Kwa nini wahusika hurudi mahali pale pale walikokaribia kufa?

Kwa sababu bila kurudi hakuna kitabu. Jibu hilo, hata hivyo, haliridhishi, na msomaji ana haki ya kudai sababu iliyo ndani ya hadithi. Binafsi huupima mwendelezo wote kwa kigezo hiki. Katika Sanctum, vijana wanatumiwa picha za zamani za maonyesho ya sarakasi na michezo, bila barua na bila jina la aliyezituma. Ninaiona sababu hiyo kuwa nzito, maana inaonyesha kwamba kukaa mbali hakujawapa usalama, na kwamba aliyewatafuta anajua wanapoishi. Chaguo lao halipo kati ya hatari na amani. Lipo kati ya kuifuata hatari na kuingoja ije nyumbani.

Sababu dhaifu ni zile za udadisi mtupu, kushinikizwa na marafiki kwa mzaha, au kusahau kwa namna isiyo ya kibinadamu. Mtu aliyeponea chupuchupu hasahau ngazi ya chini ya ardhi ilikuwa na vidato vingapi.

Sura za mwanzo zinakwenda polepole mno. Je, niziruke?

Usiziruke. Katika sura hizo mwandishi anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: anawakumbusha waliosahau, na anakuonyesha maisha ya kawaida ambayo baadaye yatavunjika. Zisome ukitafuta kitu kimoja kisichokaa sawa, kama vile rafiki ambaye hatajwi kabisa, chumba ambacho familia imeacha kukitumia, au taa inayowashwa mchana.

Mhusika niliyempenda amebadilika, amekuwa mkali na mgumu kupendwa. Je, mwandishi amekosea?

Mara nyingi hajakosea. Fikiria kijana wa miaka kumi na sita aliyeona mwenzake akiuawa, kisha baada ya miezi mitatu anatakiwa kukaa darasani na kufanya mtihani. Mtu aliyepatwa na kiwewe anaweza kukosa usingizi, kushtuka kwa sauti ndogo, kuepuka mahali na watu wanaomkumbusha tukio, na kuwakasirikia hata wale wanaompenda. Mwandishi anayemleta mhusika huyo akiwa mchangamfu vile vile kama zamani ndiye anayetudanganya. Mimi hupenda zaidi kitabu kinachomruhusu mhusika awe na hasira kwa kurasa mia moja kuliko kile kinachomponya katika aya ya pili.

Lipo kosa la kweli la kuangalia, nalo ni pale mabadiliko yanapokuja bila chanzo, mhusika akafanya uamuzi usiolingana na lolote tunalolijua kumhusu kwa sababu tu msuko wa hadithi ulihitaji afanye hivyo. Mhusika aliyejeruhiwa hubadilika kwa kufuata jeraha lake, na ukirudi nyuma utaona lilikoanzia.

Je, nikijua mwisho mapema nitaharibikiwa uhondo?

Mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha utafiti ambao uliwashangaza wengi: wasomaji walioambiwa mapema jinsi hadithi inavyoisha walielekea kuzifurahia zaidi kuliko wale ambao hawakuambiwa. Hadithi walizozitumia zilikuwa fupi, zikiwemo za upelelezi na zenye mwisho wa kushtukiza.

Ninauheshimu utafiti huo, lakini kukaa na hadithi fupi kwa nusu saa si sawa na kuishi na riwaya kwa siku tano, ukilala na kuamka na swali moja kichwani. Swali hilo unaloamka nalo ndilo sehemu ya thamani ya riwaya ya taharuki. Kwa hiyo jilinde, hasa dhidi ya uhakiki wa kitabu cha pili ikiwa hujamaliza cha kwanza. Ikiwa tayari umeshaambiwa, usikiache kitabu. Kisome ukiangalia jinsi mwandishi anavyoupanda mwisho wake mapema, kwa kuwa kuna raha ya pekee katika kuona mtego ukitegwa huku wewe unajua utamnasa nani.

Nikisoma usiku ninashindwa kulala. Nifanye nini?

Mwili hautofautishi kikamilifu hatari ya kwenye karatasi na hatari ya kweli. Moyo huenda mbio na misuli hukaza hata kama umelala kitandani salama. Wataalamu wa American Academy of Sleep Medicine wanapendekeza vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10 kwa siku, na hakuna riwaya inayostahili kuzipunguza saa hizo wiki nzima.

Ushauri wangu ni mdogo na umenisaidia sana: usisimame mwisho wa sura. Mwandishi wa taharuki huimaliza sura pale mkono unapogusa kitasa, kusudi ugeuze ukurasa. Endelea kurasa mbili au tatu ndani ya sura inayofuata, mpaka mlango umefunguliwa na umejua kilichokuwa nyuma yake, halafu weka alama hapo. Sura nyingi hutuliza pumzi baada ya kufunguka. Baada ya hapo soma kitu kingine cha utulivu kwa dakika kumi kabla ya kuzima taa.

Mimi ni mzazi. Nitajuaje kama kitabu cha pili kinamfaa mtoto wangu aliyesoma cha kwanza?

Usichukulie kwamba kwa kuwa cha kwanza kilimfaa, cha pili kitamfaa pia. Vitabu vya vijana kwa kawaida hulenga wasomaji wa miaka 12 hadi 18, na huo ni upana mkubwa. Wahusika hukua kitabu hadi kitabu, na mambo wanayokabiliana nayo huongezeka uzito: vifo vinaelezwa kwa undani zaidi, na baadhi ya riwaya hugusa kujidhuru, ukatili wa nyumbani au matumizi ya dawa za kulevya.

Soma sura tatu za mwanzo mwenyewe, kisha fungua mahali popote katika robo ya mwisho usome kurasa kumi. Hizo zitakuonyesha kiwango cha damu na ukatili. Halafu zungumza na mtoto, si kwa kumhoji, bali kwa kumwuliza ni sehemu gani ya kitabu cha kwanza iliyobaki kichwani mwake. Akikusimulia kwa macho yanayong'aa, yuko salama. Akikwepa, au ikiwa tangu alipokisoma amekuwa akiomba taa isizimwe, ngojeni miezi kadhaa, kwani kitabu hakitaharibika. Mtoto aliyefiwa karibuni, au aliyepitia tukio la kutisha maishani mwake, anahitaji uangalifu zaidi, na ni vyema mtu mzima asome kitabu kizima kwanza.

Je, kusikiliza kitabu cha sauti ni sawa na kukisoma?

Ni namna nyingine ya kusoma, na katika hadithi za kutisha ina nguvu yake, kwa kuwa msikilizaji hawezi kuruka mistari wala kupima kwa jicho ni kurasa ngapi zimebaki. Udhaifu wake ni kwamba vitabu vya aina hii wakati mwingine hubeba picha, barua na vipande vya magazeti ndani ya kurasa. Riwaya za Roux nilizozitaja hutumia picha za zamani kama sehemu ya hadithi, na anayesikiliza tu huzikosa.

Kitabu kimeandikwa kwa lugha ambayo si yangu ya kwanza. Nitapoteza nini?

Utapoteza kidogo kuliko unavyodhani, ikiwa hutasimama kila neno. Hofu hujengwa kwa mwendo, na anayefungua kamusi mara sita katika ukurasa mmoja anauvunja mwendo huo kwa mkono wake mwenyewe. Tafuta maana ya neno linalojirudia tu. Mwandishi wa kutisha akitumia neno lile lile mara tatu katika sura moja, tuseme neno la sauti ya kukwaruza, au la harufu ya kitu kilicholowa, amekusudia ulishike. Mengine yaache yapite, uyarudie mchana.

Kitabu cha pili kimeishia pabaya, na cha tatu bado hakijatoka. Je, ningesubiri vyote vikamilike?

Hilo hutegemea subira yako. Katika vitabu vitatu, cha pili hubeba mzigo wa kufungua vidonda bila kuruhusiwa kuviponya, na ndiyo maana mara nyingi huishia gizani. Baadhi ya waandishi hawakawii: Catacomb, kitabu cha tatu cha Roux, kilitoka mwaka 2015, mwaka mmoja tu baada ya cha pili. Wengine huchukua muda mrefu. Stephen King, ingawa hakuwaandikia vijana, alitoa The Shining mwaka 1977 na mwendelezo wake, Doctor Sleep, mwaka 2013, yaani miaka 36 baadaye, na mtoto wa kitabu cha kwanza akawa mtu mzima katika cha pili.

Mimi sisubiri. Ninaposoma kitabu kilichoachwa wazi, ninaandika kwenye karatasi ninachodhani kitatokea, ninaikunja na kuiweka ndani ya jalada la nyuma. Kitabu cha tatu kinapofika, ninaifungua karatasi hiyo kwanza kabla sijafungua kitabu.